Hata ku kazi tuko wananchi

Kuko fimbo moja yenye inatumiwa kila siku mu biro, mu migodi, mu maduka, ku masomo na ku hopitali za inchi yetu. Haiachi kidonda, na patroni hahitaji hata kuinua mukono. Anasema tu: "Kama hautaki, kuko wengine mulangoni."

Hao wengine wa mulangoni ni sisi. Sisi vijana wa Katuba, wa Kenya na wa Ruashi, pamoja na wandugu zetu wa Likasi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu na Bunia, wenye tulimaliza iniversite na tunazunguka na farde mukononi: CV, fotokopi ya diplome, barua ya kuomba kazi yenye tunabadilisha tarehe kila juma. Hatukuchagua kuwa fimbo. Lakini ukosefu wetu wa kazi ndio unawafunga kinywa wandugu zetu wenye kuwa ndani. Ndiyo maana tunaandika.

Wengine watasema: "Ninyi hamuna hata kazi, mutafundisha nani namna ya kusema ku kazi?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili: kimya cha mutu wa ndani na shida ya mutu wa inje ni mambo yenye kushikana. Mutu wa ndani ananyamaza juu anatuona sisi ku dirisha. Na sisi tunabaki inje, kwa sehemu kubwa, juu mutu wa ndani hathubutu kusema namna kazi zinatolewa, namna franka zinatoka, namna nafasi ya mutu mwenye amestaafu inapewa mutoto wa mukubwa bila konkuru.

Tumezoea kufikiri ya kwamba mwananchi ni yule mwenye kushika kibao barabarani siku ya maandamano. Ni kweli, lakini haitoshi. Sheria ya kazi inaweka saa 45 kwa juma, na wengi wanatumika zaidi. Kama mu zile saa zote mutu hana haki ya kusema "hapana, hii si sawa", basi yeye ni mwananchi wa siku ya yenga tu. Inchi ya wananchi wa siku ya yenga haiwezi kubadilika siku ya kwanza.

Kimya chenye kuumiza watu

Tuseme kwanza kimya hicho kinafanana namna gani, juu kila mumoja wenu anakijua.

Mukutano wa kazi. Mukubwa amesema saa nzima. Anauliza: "Kuko swali?" Watu wanaangalia viatu. Anafunga mukutano. Dakika kumi kisha, chini ya muembe, mukutano wa kweli unaanza: kila mumoja anajua nini haiendi, nani anakula, nini itavunjika mwezi ujao. Akili yote ya ile kampani iko chini ya muembe, na mu sale hakuna hata moja.

Kuko dereva wa lori la asidi ku barabara ya Likasi na Kolwezi. Anajua ya kwamba freni zimechoka. Akisema, ataambiwa ni mwoga, na asubuhi funguo itapewa mwingine. Kuko muganga mwenye kuona dawa za hopitali zinauzwa inje, kisha anaambia mama mugonjwa: "Dawa zimeisha." Kuko mwalimu mwenye kujua ya kwamba masomo ya musingi ni bure tangu mwaka 2019, lakini anatumwa kuomba wazazi franka kwa jina jipya kila mwezi. Kuko mwenye kushika kese mwenye kupewa fakture ya vitu vyenye havikununuliwa, na anaambiwa: "Tia tu sinyatire." Kuko dada mwenye kuwa ku staje, mwenye chefu anamwambia abakie kisha saa za kazi "kwa kumaliza raporo", na kila mutu mu ile biro anajua ile raporo ni nini.

Katika kila mufano, mwenye kuumia si mufanyakazi peke yake. Ni watu wenye kutembea kando ya barabara. Ni mugonjwa. Ni mutoto mwenye kufukuzwa mu kalasi. Kwa hiyo, musituambie ya kwamba kusema ku kazi ni mambo ya mutu na patroni wake. Kimya cha ku kazi kinatoka mu biro, kinapanda barabara, kinafika mu nyumba zetu sisi wote.

Mizizi tatu ya kile kimya

Muzizi wa kwanza tumeshasema: ni mulango wenye kujaa watu. Mufanyakazi mwenye kodi ya nyumba, minerval ya watoto watatu, na wandugu kumi wenye kumutegemea, hana nafasi ya kucheza na mukate. Hatumucheki. Mwenye kusema "angalisema tu" bila kuhesabu bukari ya watoto, huyo hajui inchi hii.

Muzizi wa pili ni namna watu wanaingia ku kazi. Kwetu tunaita brashma. Mujomba anajua mutu, ule mutu anajua direkta, na wewe unaingia bila konkuru, bila tangazo. Wengi wanaona brashma kuwa shida ya sisi wenye kubaki inje tu. Hapana. Ni shida ya yule mwenye kuingia pia. Kama kazi ulipewa na mutu, na haukuipata kwa akili yako, basi mudomo wako ni wa ule mutu. Siku utasema neno, hautaitwa mufanyakazi mwenye kuwa na maoni. Utaitwa mutoto mwenye kukosa shukrani, na mujomba atapigiwa simu mbele ya wewe kupigiwa. Kila kazi yenye kutolewa kwa brashma ni kimya chenye kulipwa mbele. Ndiyo maana sisi tunasema: kupigania konkuru ya wazi na kupigania uhuru wa kusema ku kazi ni pigano moja.

Muzizi wa tatu uko mu luga yetu. Ku biro tunaita mukubwa "papa" ao "mama". Ni heshima, na sisi hatukatai heshima, tulilelewa nayo. Lakini angalieni vile inatumiwa. Kama direkta ni papa, basi mwenye kumupinga ni mutoto mubaya. Akikosea hesabu, hakuna mwenye kumusahihisha, juu mutoto hasahihishe baba mbele ya watu. Lakini siku ya kupunguza wafanyakazi, ule papa hakumbuki ya kwamba una jina. Unakuwa nambari ku listingi. Ubaba wa ku biro unafanya kazi upande mumoja tu.

Wazee wetu walisema mukubwa ni jalala. Maana yake, mwenye kukaa juu anapaswa kukubali kutupiwa kila kitu, kizuri na kibaya, bila kulipiza. Ukubwa wenye hautaki kusikia si ukubwa wa kwetu. Heshima ni namna ya kusema: sauti, wakati, maneno yenye unachagua. Haikuwe hata siku moja sababu ya kunyamaza wakati freni zimechoka.

Wenye walisema mbele yetu

Hatuko wa kwanza. Mu mwezi wa 12 mwaka 1941, hapa kwetu Lubumbashi, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi kwa kuomba nyongeza ya mushahara. Maisha yalipanda bei juu ya vita, na wao walikuwa wanachimba shaba yenye ile vita ilihitaji. Walikusanyika ku uwanja wa mpira. Askari wa serikali ya kikoloni wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, mumoja wa wenye walikuwa wanasema kwa niaba ya wengine. Mutu mweusi wakati ule hakuwa na haki ya kuwa na sindika. Ni mwaka 1946 tu ndipo sindika za weusi zilikubaliwa, na hata hapo chini ya macho ya wazungu. Watoto wengi wa Lubumbashi wanacheza mpira bila kujua hadisi hiyo.

Goma, mwezi wa 7 mwaka 2007. Floribert Bwana Chui alikuwa na miaka 26. Alikuwa anatumika ku OCC, ile ofisi ya Serikali yenye kukagua bidhaa ku mupaka. Alipewa franka ili aachilie vyakula vyenye kuharibika vipite na viuzwe sokoni. Alikataa. Walimuteka, wakamutesa, wakamuua. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, Kanisa Katoliki lilimutangaza mwenye heri kule Roma. Tuko na furaha juu ya hilo. Lakini tuangalie vizuri nini alifanya: hakuongoza maandamano, hakushika kibao. Alifanya kazi yake. Alisema "hapana" nyuma ya meza ya biro. Musimuweke mbali sana juu ya altari mupaka musahau ya kwamba alikuwa ajenti kijana, mwenye mushahara, mwenye wakubwa, kama ninyi.

Mwaka 2016, Jean-Jacques Lumumba, mwenye alikuwa na daraka ku service ya mikopo ya banki moja Kinshasa, aliondoka inchini na karatasi zenye kuonyesha mambo ya mashaka juu ya franka za umma. Mwaka 2020, Gradi Koko na Navy Malela, wenye walitumika ku banki ingine na wakatoa habari juu ya namna franka zilikuwa zinapita mule, walihukumiwa kifo na tribinali ya Kinshasa wakati wao walikuwa inje ya inchi. Banki ilikana mashtaka. Lakini acheni tusome tena: hukumu ya kifo, juu ya karatasi za banki. Wenye kuiba franka za watu hatujaona wakihukumiwa hivyo.

Hatuandike majina hayo kwa kuogopesha mutu. Tunayaandika juu yanafundisha kitu. Wafanyakazi wa mwaka 1941 walikuwa wengi, lakini hawakuwa na sheria yenye kuwalinda. Ndugu zetu wa miaka hii walikuwa na sheria ku karatasi, lakini walipofika ku saa ya hatari, kila mumoja alibaki karibu peke yake. Sisi tunahitaji vyote viwili kwa wakati mumoja: kuwa wengi, na kushika sheria mukononi.

Sheria inasema nini

Wakubwa wanapenda kutuambia: "Huku si ku politike, huku ni ku kazi." Wanataka tuamini ya kwamba Katiba inabaki mulangoni, pamoja na sisi.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 haisemi hivyo. Artikle 23 inapatia kila mutu uhuru wa kusema mawazo yake, kwa kuheshimu sheria. Artikle 36, yenye kuhusu kazi, inasema ya kwamba mutu hawezi kuumizwa ku kazi yake juu ya asili yake, juu ya kuwa mwanamuke ao mwanaume, wala juu ya maoni yake. Maoni! Neno hilo limeandikwa. Artikle 28 inasema ya kwamba hakuna mutu mwenye kulazimishwa kutimiza agizo lenye kuonekana wazi ya kwamba linavunja sheria. Wewe mwenye kuambiwa "tia tu sinyatire", hiyo artikle iliandikwa kwa ajili yako. Artikle 38 na 39 zinahakikisha sindika na haki ya kugoma.

Kisha kuko Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, yenye iligeuzwa kidogo mwaka 2016. Haihusu maajenti wa Serikali wenye statu yao, lakini inahusu kampani, maduka, migodi na mashirika. Tuchukue mambo manne tu.

Kontra inapaswa kuandikwa. Kama haikuandikwa, sheria inahesabu ya kwamba uliandikwa kazi bila mwisho wa wakati, mupaka patroni alete ushuhuda wa kinyume. Kwa hiyo mwenye kukuambia "wewe hauna kontra, hauna haki" anasema kinyume cha sheria.

Ndugu wenye kutumika siku kwa siku: kama mumefanya siku 22 mu miezi 2, na munachukuliwa tena mbele ile miezi 2 iishe, ile kazi mupya inahesabiwa kuwa ya bila mwisho wa wakati. Hesabuni siku zenu. Andikeni mu kaye.

Artikle 62 inasema ya kwamba kuwa mu sindika, kuwa mujumbe wa wafanyakazi, ao kupeleka mashtaka juu ya patroni mwenye kuvunja sheria, hakuko sababu ya haki ya kumufukuza mutu. Na artikle 63 inasema ya kwamba mwenye kufukuzwa bila sababu ya haki anapaswa kurudishwa ku kazi. Kama hapana, tribinali ya kazi inaweza kuagiza alipwe mupaka mishahara ya miezi 36.

Mbele ya kufika ku tribinali, lazima kupita kwanza kwa enspekta wa kazi, ili ajaribu kupatanisha. Kumuona enspekta si uasi. Ni njia yenye sheria yenyewe inafungua.

Tunajua vizuri vile mutajibu: "Sheria ni nzuri, lakini ni Congo." Ndiyo. Enspekta anaweza kulipwa. Dosiye inaweza kulala. Lakini sheria yenye hakuna mutu anaitaja inakufa haraka kuliko sheria yenye inavunjwa kila siku mbele ya watu wenye kuijua. Patroni mwenye kuandikiwa barua yenye kutaja artikle 62 anatuma mutu kumuuliza avoka wake. Ule muda wa kumuuliza avoka, hiyo tayari ni nafasi yenye haikuwa.

Namna ya kusema

Hatuombe mutu awe shujaa. Mashujaa tuko nao wengi mu makaburi. Tunaomba watu waseme kwa akili.

Kwanza, musiseme peke yenu. Kidole kimoja hakivunje chawa. Mutu mumoja akisema, ataitwa kichwa nguvu. Watatu wakisema neno moja siku moja, patroni anapaswa kujibu lile neno. Mbele ya mukutano, mupatane: nani atafungua, nani atafuata, nani ataomba iandikwe mu raporo ya mukutano.

Pili, museme kitu, musiseme mutu. "Freni za lori fulani zimepita wakati" ni neno lenye kuweza kupimwa. "Chefu wa garaji ni mwizi" ni vita, na pengine ni kesi juu yako. Matusi ni zawadi yenye unamupa mwenye anatafuta sababu ya kukufukuza.

Tatu, muandike. Neno la mudomo linapotea na upepo. Barua fupi, yenye tarehe, nakala mbili, na moja irudi kwenu na akize ya kuonyesha ya kwamba ilipokewa. Kama mukubwa anakataa kuweka akize, mupeleke nakala kwa wajumbe wa wafanyakazi na kwa enspekta. Ile karatasi ndogo yenye kipande cha muhuri imekomboa watu wengi kuliko hotuba.

Ine, muchunge WhatsApp. Kundi la service si chini ya muembe. Kila neno linapigwa picha na kufika kwa mukubwa mbele ya chai. Munung'unike kule, mutakamatwa kule.

Tano, muangalie wajumbe wenu wa sindika. Mahali pengi mujumbe anachaguliwa na direkta, anapewa kredi ya simu kila mwezi, na kazi yake ni kutuliza watu. Uchaguzi wa wajumbe ni uchaguzi kama ule wa wabunge. Juu ya nini tunakesha ku biro za kura kila baada ya miaka tano, na tunalala siku ya kuchagua mutu mwenye atasema juu ya mushahara wetu?

Na ile sanduku ya maoni yenye iko ku korido ya hopitali na mashirika, yenye vumbi juu na kadena mbele? Muulize swali moja tu: funguo iko kwa nani? Kama iko kwa yule mwenye tunalalamikia, hiyo si sanduku ya maoni. Ni kaburi la maoni.

Kwa ajili ya dada zetu tunaongeza hili. Kusumbua mutu kwa mambo ya mwili ni kosa lenye kuhukumiwa tangu sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2006. Mwanaume mwenye kuwa mu ile biro, mwenye kujua na mwenye kunyamaza, asituambie ya kwamba yeye ni munyofu. Kama dada wa staje hawezi kusema peke yake, ni wajibu wa wenye kontra kusema pamoja naye. Wenye kuwa na kitu cha kuwalinda ndio wanapaswa kutangulia.

Ahadi yetu sisi wa mulangoni

Sasa turudilie ile fimbo. Kama nguvu ya patroni ni sisi, basi sisi tunaweza kuipunguza. Hatutaapa ya kwamba hakuna kijana atakubali kazi ya mutu mwenye alifukuzwa juu ya kusema. Tunajua njaa, haiheshimu kiapo. Lakini kuko mambo yenye tunaweza kufanya, na tunayaahidi.

Tutauliza. Mbele ya kutia sinyatire, kila kijana wa mwendo wetu atauliza: nani alikuwa ku nafasi hii, na juu ya nini aliondoka? Swali hilo ni la bure na halivunje sheria yoyote. Patroni akijua ya kwamba litaulizwa na kila mutu mwenye kuingia, atajua pia ya kwamba jambo halikuzikwa.

Tutasindikiza. Mutu akifukuzwa juu ya kusema ukweli, asiende peke yake kwa enspekta. Sisi tuko na wakati. Ndiyo mali moja yenye shomeri anayo. Tutakaa naye ku benchi ya korido, asubuhi na siku yenye kufuata, mupaka dosiye isomwe. Mutu mwenye kusindikizwa na vijana kumi haambiwe "rudi juma lijalo" kwa urahisi.

Tutaandika. Kati yetu kuko wenye walisoma sheria na wenye walisoma hesabu na uchumi. Diplome zenye kulala mu farde zinaweza kuandikia mama wa usafi barua yake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, bila kumuomba hata franka moja. Na jina la mwenye kutuletea jambo tutalichunga.

Kwa Serikali na wabunge, tunadai mambo tatu yenye kueleweka. Sheria kamili yenye kulinda watu wenye kufichua wizi na hatari ku kazi, ili asikuwe tena kijana wa kuhukumiwa kifo juu ya kuonyesha karatasi. Maenspekta wenye kulipwa vizuri na wenye vyombo vya kusafiri, juu enspekta mwenye kuomba lifti mu gari ya patroni, atamuandikia ule patroni nini? Na konkuru za wazi, zenye matokeo ya kubandikwa ku ukuta, kwa kila kazi yenye kulipwa na franka za umma, ili mutu aingie na kichwa juu na mudomo wake mwenyewe.

Kwa maboss wenye akili, na tunajua mukoko, neno moja. Kampani yenye watu wake wanasema haianguke bila kujua. Yenye watu wake wananyamaza inasikia habari ya kuanguka kwake kwa magazeti.

Kwa wandugu wa ndani, tarehe 1 mwezi wa 5 itafika kama kila mwaka. Mutapewa polo yenye jina la kampani, mutapita mbele ya wakubwa, mutakunywa, mutacheza. Vaeni polo, chezeni, ni siku yenu. Lakini mbele ya pale, juma moja mbele, mukae watatu ao wane, muandike neno moja tu lenye haliende ku kazi yenu. Moja, lenye tarehe na lenye ushuhuda. Mulipeleke, mungoje akize.

Na kama mukubwa atawaambia ya kwamba kuko wengine mulangoni, mumujibu ya kwamba munatujua, na ya kwamba tumeshasoma nakala ya ile barua.